Bakuli Halirudi Tupu

Bakuli la bati la marehemu shangazi yangu Bi Tatu limerudi Bagamoyo. Lilirudi mwezi uliopita, mikononi mwa mgeni wa Kizungu ambaye sikuwa nimemwona maishani mwangu. Nilikuwa uani nachambua mchele, binti yangu Zuhura akaja akaniambia, "Mama, kuna mgeni barazani anakutaja kwa jina, na kapakata bakuli." Nikadhani ni hawa wanaopita kuomba kupiga picha milango. Nilipotoka nilimkuta mwanamke wa umri wa Zuhura, uso umemwiva kwa jua, amekaa wima kama mtu aliyekuja kuposa, na mapajani ana kitu kilichofunikwa kitambaa. Bakuli lenyewe sikuliona, niliona ukingo tu, pale rangi ilipobanduka zamani ikaacha doa jeusi lenye umbo la haragwe. Doa lile nililitambua kabla sijajua habari yenyewe. Nikamwambia Zuhura, "Muulize, nani amekufa?" Zuhura akaona haya. "Mama, hata salamu?" Lakini yule mgeni alikuwa ameshaelewa kwa uso wangu, akataja jina moja tu, "Hilda," akainamisha kichwa.

Aliitwa Klara. Bwana Alani, mume wa Hilda, alikuwa ndugu wa baba yake. Bwana Alani mwenyewe alitangulia miaka mingi nyuma, na Mama Hilda alimfuata majira ya baridi yaliyopita. Nilimkaribisha mgeni ndani, nikampa maji, nikarudi uani kumalizia mchele wangu kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Siku zilizofuata sikutandika jamvi. Watu wangeniuliza namlilia Mzungu gani, nami ningewaeleza nini? Mtu niliyempikia mwaka mmoja tu, tena nikiwa msichana. Niliukalia msiba wangu jikoni, kimyakimya, na mwaka ule ukanirudia wote, chumba kwa chumba.

Ulikuwa mwaka ambao vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni, na kila baraza ya Bagamoyo ilikuwa na mabishano yake. Bwana Alani na Mama Hilda walipanga nyumba ya ghorofa upande wa mji wa zamani, hatua chache kutoka kwa shangazi yangu. Bwana alikuwa amepewa kazi ya mwaka mmoja ya kupima majumba ya mawe yaliyokuwa yakibomoka, ili yatengenezwe. Kutwa alikuwa na kamba na penseli, nguo zimejaa vumbi la chokaa. Kiswahili walikijua wote wawili, kwa kuwa ujanani waliwahi kufundisha shule huko Pangani. Kilikuwa Kiswahili kilichonyooka mno, kama nguo iliyopigwa pasi na kuachwa kabatini, lakini kilitosha. Siku ya kwanza, kwa kutafuta la kusema, niliwauliza habari za Uingereza. Wakatazamana. Mama Hilda akasema, "Sisi nyumba yetu iko Ufaransa, Mwanaidi." Bwana Alani akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "Nyumba iko Ufaransa. Kwetu ni Uingereza." Nikajua nimekanyaga penyewe. Kumbe wote wawili walizaliwa Uingereza wakahamia Ufaransa, ila Mama ndiye aliyekuwa amejifanya wa kule.

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, na shuleni Ulaya tulifundishwa kama kitu kimoja, baridi na viwanda. Mzungu kwetu alikuwa Mzungu. Katika chumba kile cha kulia ndipo nilipojifunza kwamba Wazungu nao wanasutana, tena kwa majirani. Chumba chenyewe bado nakiona: meza ya mninga iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, kabati la wavu la kuwekea vyakula, dirisha lililoingiza upepo na sauti za wauza mihogo, na juu ya kabati mabirika mawili yaliyokaa mbalimbali kama wake wenza. Moja la chai, la Bwana. Moja la kahawa, la Mama. Bwana alikunywa chai ya maziwa kikombeni. Mama alikunywa kahawa katika bakuli, ameliinua kwa mikono miwili, na mkate anauchovya humohumo. "Mtazame, Mwanaidi," Bwana angesema, "anakunywa kahawa kama uji." Na Mama angejibu, "Ufaransa yote inakunywa hivi, na haijafa." Walinilazimisha niketi nile nao. Mwanzoni nilikaa upande upande, kama mtu anayesubiri kuitwa, lakini baada ya muda nilizoea, na wao wakazoea kunifanya kadhi. Kila walipokwama walinigeukia. "Mwanaidi, amua!"

Nami ningeamua nini? Mama angesema, "Ufaransa huwezi kununua mkate kabla hujasalimu. Ukiingia dukani unawasalimu wote waliomo, hata usiowajua. Kama hapa Bagamoyo." Bwana angesema, "Ukimaliza kuwasalimu, mwenye duka anakufukuza, maana ni saa ya chakula, na Mfaransa akianza kula adhuhuri haondoki mpaka alasiri." "Angalau anakula. Kwenu watu wanakula mkate wamesimama, kama wanaokimbia mafuriko." "Kwetu watu wanapanga foleni, kila mtu anapata haki yake." "Kwenu mtu anapanga foleni hata akiwa peke yake!" Hapo mimi nilicheka, na kucheka kwangu kukahesabiwa ushindi wa Ufaransa. Siku nyingine walifika kwenye serikali. Bwana alieleza kwamba wakulima wa Ufaransa wakikasirika wanakuja na matrekta na kumwaga samadi mlangoni pa ofisi ya mkubwa. "Na serikali inasikia," Mama akasema. "Inanusa," Bwana akajibu. "Kwetu mtu akikasirika anaandika barua." "Na anajibiwa kwa barua kwamba barua yake imepokelewa, basi." Niliwahi kuwauliza kwa nini Uingereza kuna malkia na Ufaransa kuna rais. Bwana akasema Wafaransa walimkata mfalme wao kichwa. Mama akasema, "Na ninyi wenu mlimkata zamani kabla yao. Kisha mkaona haya, mkamrudisha mwanawe." Nikatazama mchuzi wangu. Sikujua kwamba mambo kama hayo yanaweza kusemwa mezani, na watu wakaendelea kuombana chumvi.

Nakumbuka jioni ambayo Wafaransa walipiga kura kuhusu kuungana zaidi na nchi nyingine za Ulaya. Mama Hilda alivaa gauni lake zuri, akaketi karibu na redio ndogo, akinyamazisha kila mtu kwa kidole. Kura ile hakuwa nayo, kwa sababu hakuwa raia wa kule. Bwana Alani akamwambia, "Umejipamba kwa harusi usiyoalikwa." Mama akasema, "Ninyi hata kadi hamkupewa. Wakubwa wenu wameamua peke yao chumbani." Matokeo yalipotangazwa kwamba waliokubali wamewazidi kidogo tu waliokataa, Mama alipiga makofi kama mtoto, kisha akaizima redio. Akaniambia mimi, si mumewe, "Mwanaidi, mwenye mguu huku na mguu kule, mvua ikinyesha analowa pote." Niliyakumbuka maneno hayo miaka mingi baadaye, nilipowaona watoto wangu mwenyewe wakiuza viwanja Mapinga na kuhamia mjini, kila sikukuu wakibishana nyumbani ni wapi.

Sasa habari ya bakuli. Walipohamia tu, shangazi yangu Bi Tatu aliwapelekea vitumbua katika bakuli lake la bati, jeupe, lenye maua mekundu ubavuni. Bi Tatu alikuwa mjane, mnene, mwenye kucheka kwa mabega, na ulimi wake ulikuwa unakata pande zote. Wale wageni walikula vitumbua, wakaliosha bakuli likang'aa, wakampa mlinzi alirudishe na ahsante nyingi. Bi Tatu akaniita. "Mwanaidi, hao watu wako nimewakosea nini?" "Kwani vipi, shangazi?" "Wamenirudishia bakuli jeupe! Limeoshwa kama la hospitali! Hata punje ya chumvi hawakuweka!" Ikabidi nikawaeleze wale wakubwa wangu kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata limao moja linatosha. Bwana Alani aliona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. Kumbe kwao kurudisha chombo kikiwa kisafi ndiyo heshima yenyewe. Lakini Mama Hilda aligonga meza. "Unaona? Kama kwa Bernadeti!" Bernadeti alikuwa jirani yao wa Ufaransa, mama mkulima, ambaye naye walimkosea vilevile mwaka wao wa kwanza. Alikuwa amewaletea supu, nao wakamrudishia sufuria inayong'aa, na hakuwasemesha mpaka alipochoka kununa. "Mke wangu," Bwana akasema, "tumesafiri nusu ya dunia kurudia kosa lilelile."

Basi tangu siku hiyo bakuli likawa uwanja wa vita. Mama akajifunza kuoka mkate wa Kifaransa kwenye sufuria, moto chini na makaa juu ya kifuniko, akaweka kipande ndani ya bakuli. Bi Tatu akarudisha ujumbe: "Mwambie Mfaransa nimeshukuru. Nilikuwa natafuta jiwe la kusagia." Bwana akashangilia, akapika jamu ya machungwa machungu kama ya kwao. Bi Tatu akarudisha kaimati, na ujumbe mwingine: "Mwambie Mwingereza dawa yake nimeipata. Ninywe kabla ya kula au baada?" Mimi ndiye niliyebeba bakuli na maneno, kwenda na kurudi, na sijawahi kuwa na kazi niliyoipenda kama ile. Kwa miezi mingi nyumba mbili zilicheka kwa ajili ya bakuli moja.

Lakini kicheko kilianza kupungua. Kazi ya Bwana ilikuwa inakaribia kwisha, na walitakiwa kuamua wanarudi wapi. Kwa Kiswahili walitaniana. Kwa Kiingereza hawakutaniana tena. Kiingereza changu kilikuwa kidogo na chenye woga, ila mtu hahitaji kamusi kujua sauti ya mke na mume waliochokana. Alasiri moja nilikuwa napanga sahani kabatini, nao wako kwenye roshani, mlango uko wazi. Niliambulia kwamba Bwana alikuwa amepata nafasi ya kazi katika mji aliozaliwa. Alisema anazeeka, anataka kuzeeka kwenye lugha yake, asiombe msamaha kwa kila sentensi. Mama alisema yeye katika mji ule aliwahi kuishi akakaribia kuoza kwa kimya, na harudi. Kisha Mama akasema jambo nililolielewa neno kwa neno, kwa sababu maneno yake yalikuwa mepesi: kila mtu aende kwao, basi. Na Bwana akasema sawa. Alisema kwa adabu, kama anayekubali kuongezewa chai. Sikuwahi kuona talaka inayotolewa kwa upole namna ile, na upole wenyewe ndio ulionitisha.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Bi Tatu akawaalika futari. Hakuwa anajua lolote, au alijua, maana yeye hakukosa kujua. Kama ilivyo desturi yetu, wanaume walitandikiwa barazani na wanawake uani. Bwana Alani akaketi na Mzee Kombo, fundi seremala jirani yetu, na wanaume wengine wa mtaa, wakizunguka sinia la mihogo ya nazi na samaki wa kupaka. Mama Hilda akaketi uani kwenye mkeka na wanawake, amejifunga kanga kichwani, mbele yao tambi na uji wa pilipili manga. Mimi nilikuwa nikipita katikati na vyombo, nikipeleka na kutoa. Kwa hiyo usiku ule katika mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyesikia pande zote mbili.

Barazani ilikuwa siasa, kama kawaida ya mwaka ule. Mzee Kombo akamuuliza Bwana, "Bwana Alani, nyie wenzetu mna vyama vingi tangu zamani. Hebu tuambie kweli. Haviwagombanishi watu majumbani?" Nilikuwa nimeinama naweka sahani ya tende. Nikategemea ataisifu foleni yake na barua zake. Akafikiri, akasema, "Kwetu Uingereza hatugombani mezani. Tunakula kimya, tukitoka hapo hatuonani mwaka mzima. Ufaransa wanapiga kelele. Wanaitana wajinga, wanagonga meza, halafu mmoja anamkatia mwenzake jibini. Jirani yangu Bernadeti ananiita mpumbavu kwa siasa zangu. Nilipovunjika mguu alinikatia kuni msimu mzima, na kila siku akinitukana. Mimi kwa ndugu zangu sikuwahi kupendwa hivyo." Wanaume wakacheka. Mzee Kombo akasema, "Huyo Bernadeti ni Mzaramo, anatukana kwa mapenzi!" Bwana naye akacheka, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, nusu anajisemea, "Mke wangu ameota mizizi kule. Ukimwona anaongea na watu wa sokoni, utadhani kazaliwa pale. Mimi nampenda zaidi akiwa kule."

Nikaingia uani na sinia tupu. Huko nako Bi Tatu alikuwa ameshamkamata Mama Hilda. "Haya, wewe Mfaransa, kila siku unawaponda kwenu. Hakuna jema hata moja?" Wanawake wakacheka. Mama Hilda hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, kama alivyoshika kahawa yake. Akasema, "Mama yangu alipokuwa anakufa, nilirudi katika ule mtaa wetu. Majirani hawakuingia ndani. Kwetu hawaingii. Nilikasirika. Lakini kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta kitu kizingitini. Supu. Maziwa. Siku moja shuka safi, zimepigwa pasi. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyetaka ahsante. Na nesi wa serikali alikuja kila siku kwa baiskeli, kwenye mvua, hakutuuliza sisi ni nani wala tuna nini. Ufaransa nimejifunza kusalimu watu. Kwetu nilifundishwa kuwaacha watu walie. Kuna siku nahitaji hilo la pili." Kisha akasema, "Mume wangu ni hivyo. Anaacha kitu kizingitini, anaondoka. Mimi namlaumu kwamba hakugonga." Bi Tatu akamwongezea uji.

Nimefikiri sana kwa nini waliweza kusema vile kwa wageni na si wao kwa wao. Mimi si msomi, ila nadhani lugha yao wenyewe walikuwa wameijaza miiba kwa miaka mingi, na Kiswahili chao cha pasi hakikuwa na mwiba hata mmoja. Au labda ni jambo rahisi zaidi: mtu kwao anapasuta akiwa na watu wake, mbele ya watu hawezi.

Idi ikapita. Kwenye ujia wa chini wa ile nyumba ukaanza mrundo wa masanduku, kisha ukawa mirundo miwili. Mmoja ulifungwa kamba ya katani, wa Ufaransa. Mwingine ulifungwa utepe mwekundu, wa Uingereza. Kila nilipopita na ndoo nilipita katikati. Nikaenda kwa Bi Tatu, nikamwambia yote, ya barazani na ya uani. Nikamuuliza, "Shangazi, nikisema, si nitakuwa mfitini? Wewe ndiye uliyenifundisha maneno ya wanaume barazani hayaingii ndani." Alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna. "Fitina ni kubeba ubaya, mwanangu. Wewe umebeba nini?" "Wema." "Sasa unauficha wa nini, uoze? Dini imemruhusu mtu hata kudanganya kidogo akiwapatanisha mke na mume. Wewe una ukweli mtupu mkononi, unaogopa nini?" Nikasema, "Naogopa kufukuzwa kazi." Akacheka kwa mabega. "Kazi yenyewe inakwisha Ijumaa!"

Siku ya pili, wakati wa chai ya saa kumi, walikuwa mezani wakigawana vyombo. Hawakugombana. Walikuwa na adabu ya kutisha. "Birika la chai lako." "Ahsante. La kahawa lako, bila shaka." Walipofika kwenye kisu cha mkate kila mmoja alimwachia mwenzake, na kikabaki katikati ya meza. Sikuweza kuvumilia. Nilisimama na trei yangu nikasema, "Mama, yale uliyowaambia kina shangazi siku ya futari, Bwana hakuyasikia. Na Bwana, yale uliyomwambia Mzee Kombo, Mama hakuyasikia. Mimi niliyasikia yote." Nikaanza kuyasema. Niliyasema vibaya, yakiruka ruka, Bernadeti kabla ya nesi, kuni kabla ya supu. Nilipofika "mimi nampenda zaidi akiwa kule," Mama Hilda aliweka kikombe chini. "Alisema hivyo? Huyu? Mbele ya watu?" "Wallahi, Mama." "Na hata Bernadeti, anayemwita mchawi, alimsifu?" Bwana Alani alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa kitambaa cha meza. "Na wewe," akamwambia mkewe, "umeusifu mtaa wa mama yako? Uliniambia ni kaburi lenye mapazia!" "Nilikuambia wewe. Wewe ni wangu, nakuambia lolote. Watu wengine siwezi kuwaachia wapaseme kwetu." Wakaanza kubishana palepale. Bwana akimtetea Bernadeti, Mama akiitetea foleni, kila mmoja amekalia kiti cha mwenzake, sauti zikipanda, na sasa ilikuwa kwa Kiingereza, nami nikatoka polepole na trei yangu kwa sababu hakuna aliyeniambia "Mwanaidi, amua."

Kesho yake asubuhi nilipofika, kule ujiani kulikuwa na mrundo mmoja. Masanduku ya katani na ya utepe mwekundu yalikuwa yamepandana ovyo, kama yamesukumwa na watu waliochoka. Kisu cha mkate kilikuwa kimerudi kabatini. Wao walikuwa wamelala bado. Sikuuliza wanakwenda wapi, nao hawakunieleza, na ndiyo adabu niliyolelewa nayo, wala sijutii. Siku ya kuondoka Bi Tatu alikuja na bakuli lake limejaa visheti vya safari. Mama Hilda akataka kuvimimina kwenye mfuko alirudishe. Bi Tatu akamzuia mkono. "Nenda nalo. Utalileta mwenyewe. Na usiniletee jiwe!" Walicheka wote wakilia. Gari likaondoka. Hawakurudi. Bi Tatu alikufa bakuli lake likiwa ugenini, na kwa miaka yote hiyo sikujua lilikwenda upande gani wa ule mkondo wa bahari unaozitenga nchi zao.

Hilo ndilo nililomuuliza Klara, Zuhura akitafsiri, baada ya chakula. Klara alieleza kwamba walikwenda Uingereza kwanza. Mama Hilda ndiye aliyetaka, na kila mtu katika ukoo alishangaa. Walikaa miaka kadhaa. Kisha asubuhi moja Bwana Alani, yeye mwenyewe, akasema kimya kimemshinda, anataka kutukanwa na Bernadeti kabla hajafa. Wakarudi. Wamezikwa wote wawili kule kijijini Ufaransa. Mama Hilda siku zake za mwisho aligombana na manesi kwa sababu hawajui kupika chai. Nikamuuliza Klara, "Basi nani alishinda?" Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha ami yake. "Sijui. Walibishana mpaka mwisho. Sisi watoto tulidhani ni mchezo wao." Habari za futari hakuwahi kuzisikia. Ningependa kusema kwamba maneno yangu ndiyo yaliyowaunganisha, lakini sijui. Huenda ni uji wa Bi Tatu. Huenda walikuwa wamechoka tu kugawana vyombo. Alichojua Klara ni kwamba Mama Hilda alinywa kahawa yake katika bakuli lile kila asubuhi, na kwamba katika nyumba ile ilikuwa mwiko kulirudisha kabatini likiwa tupu. Baada ya kuoshwa lilitiwa kitu, kitunguu, au njugu, au hata ufunguo. Watoto waliulizia sababu, wakaambiwa ndivyo inavyofanywa.

Klara alikuwa ameagizwa alilete, na ameagizwa asilete tupu. Alikuwa na kopo la jamu ya machungwa machungu, kwa mapishi ya Bwana, na mkate wa kijijini kwa Bernadeti. Kopo lilimpasukia safarini, mkate ukaota ukungu kwa joto. Basi asubuhi ile alikwenda sokoni kwetu, akanunua alichoona ni kizuri kuliko vyote. Akafunua kitambaa. Ndani ya bakuli la Bi Tatu, limebanwa kwa nguvu, majani yameinama, lilikuwamo nanasi la Kiwangwa. Zuhura aliangua kicheko, "Mama, katuletea nanasi letu wenyewe!" na Klara akawa mwekundu masikioni. Nilimwambia Zuhura amwambie halijapata kurudi bakuli lenye heshima kama hili. Nami nilisema kweli.

Klara aliondoka kesho yake. Nililimenya nanasi, nusu tukala. Nusu nyingine niliikata vipande, nikaiweka ndani ya bakuli, nikamtuma Zuhura apeleke nyumba ya pili, kwa yule mwalimu mpya aliyehamia kutoka bara, ambaye bado hatujazoeana. Jioni nilisikia hodi. Mwalimu alikuwa mlangoni mwenyewe, ameshika bakuli limeoshwa linang'aa, anashukuru. Nikatazama ndani. Lilikuwa jeupe kabisa.

"Karibu ndani, mwanangu," nikamwambia. "Kaa hapo. Kuna jambo la hapa kwetu nikueleze."